Mount Pilchuck (Washington) mpaka kwenye kibanda cha kuangalizia moto: mtoto wa miaka 9 anaweza?

KijanaWaMbagala

Wakuu habari za humu. Naombeni ushauri kwa mliopo jimbo la Washington hasa huku kaskazini mwa Seattle. Kazini kwetu kuna kikundi cha watu wanapenda sana mambo ya kupanda milima, sasa wameshanipangia, yaani hata sijaulizwa vizuri, kwamba Jumamosi ya katikati ya mwezi huu wa sita twende Mount Pilchuck kule juu ya Granite Falls, wanasema kileleni kabisa kuna kibanda cha zamani cha kuangalizia moto wa msitu na ukifika pale unaona milima yote na bahari kwa mbali. Nimeangalia mtandaoni naona ni maili 5 na nusu hivi kwenda na kurudi nikasema ah hii mbona kawaida, mimi nipo bohari, zamu moja natembea zaidi ya hapo tena nasukuma mzigo. Tatizo mama watoto kasikia naye anataka kuja, na mtoto wa miaka 9 kashasema habaki nyumbani na mtu.

Sasa je, mtoto anaweza? Raba za kawaida zinatosha au mpaka buti? Ile ngazi ya kuingilia kibandani ninavyoiona kwenye picha inatisha, ndivyo ilivyo kweli? Halafu kuna jamaa kanitajia theluji, mwezi wa sita jamani? Huku Everett tunashinda na fulana. Na dubu je?

---

mzee_kipara

Kijana karibu mlimani, ila hayo maili yasikudanganye hata kidogo. Kule bohari unatembea kwenye sakafu, kule unapanda. Unaanzia futi kama 3,100 na kilele ni futi 5,324, maana yake ndani ya maili 2 na nusu na kitu unapanda zaidi ya futi 2,200, kwa hesabu zetu mita 700 hivi. Mwanzo njia iko ndani ya msitu wa miti mikubwa, mizizi imetambaa njiani kila mahali, vijito vya maji, unakanyaga huku unaangalia chini, halafu unapita upande ambao zamani palikuwa na kiwanja cha kuteleza kwenye theluji, utaona bado mabaki ya zege. Baada ya hapo msitu unakwisha ndo mawe yanaanza, mawe haswa, mengine ukubwa wa friji mengine ukubwa wa gari.

Theluji: huyo jamaa yako kakwambia kweli. Upande unaopandia unatazama kaskazini na jua haliufikii sana, miaka mingine theluji inakaa kule juu mpaka mwezi wa saba umeingia. Na hiyo ya mwezi wa sita ndo mbaya kuliko ya Januari kwa sababu haikufanyi uogope. Asubuhi ni ngumu kama kioo unateleza, ikifika saa saba mchana imelainika, sasa chini yake kuna yale mawe na katikati ya mawe kuna uwazi, theluji imetengeneza kama paa juu ya shimo, unakanyaga mguu unazama mpaka paja na goti linabaki limebanwa kati ya mawe mawili huku mwili unaendelea kwenda mbele. Nimeona mtu kavunjika pale, kijana mwenye nguvu zake.

Kabla ya kwenda ingia tovuti ya Washington Trails Association usome ripoti za waliopanda wiki hiyo hiyo, siyo za mwaka jana. Watu huwa wanaandika theluji inaanzia wapi na wanaweka picha. Kama ripoti zinasema theluji bado ipo kwenye mawe, mtoto usimpeleke. Wewe mwenyewe uvae ile minyororo yenye meno ya kuvalisha juu ya viatu.

---

MamaWawili_Lynnwood

Hapo kwa theluji naunga mkono mzee. Mimi ni wa Nakuru lakini huku nimekaa sana na hio Pilchuck nimepeleka watoto wangu wote wawili, mdogo alikuwa rika la wako, ila tulienda Agosti, njia imekauka kabisa hakuna theluji popote. Mtoto wa 9 anaweza, usiogope, shida si mtoto, shida ni vile wewe utakuwa unampeleka mbio ati kikundi cha kazini kisiwaache. Watoto hupanda vizuri sana wakiachwa wapande kama watoto, wanasimama, wanaokota mawe, wanakula, wanaenda tena. Hesabu masaa sita hivi na msiwe na aibu ya kukaa chini.

Sasa hio ngazi. Kibanda chenyewe kimekaa juu ya lundo la majabali, si mnara wa miguu mirefu, so kabla hujafika kwa ngazi lazima utambae juu ya hayo majabali kwa mikono na miguu kama unapanda kitanda cha juu cha boarding bila ngazi. Hapo ndio watu wengi hukwama kuliko kwa ngazi yenyewe. Ngazi ni fupi, ni ya mbao, unashika huku na huku. Mimi nilimweka mtoto mbele, mimi nyuma yake mkono mmoja tayari, na nikamwambia asiangalie simu ya mtu yeyote anayepiga picha hadi tuingie ndani. Wikendi kunakuwa na foleni hapo, mtu anataka kushuka na mwingine anataka kupanda, mtu mwingine amesimama katikati anajipiga selfie, hapo nitakuambia ukweli nilimfokea mtu mzima. Kiswahili. Alielewa.

Ndani kuna mabenchi na picha za zamani na majina ya milima kwa kila upande wa dirisha, unajua hii ni Rainier, ile ni Baker, ng'ambo ya maji zile ni Olympic. Kukiwa na mawingu hutaona chochote, utaona weupe tu kama wa maziwa ya kunywa pande zote nne. Hio hutokea sana kwa sababu mlima uko mbele kabisa upande wa baharini, mawingu yakitoka huko yanagonga hapo kwanza.

Dubu wako, wale weusi, lakini kwa hio njia na vile watu wanapiga kelele utakuwa na bahati ukiona hata mmoja. Mimi huogopa nyigu wa Agosti kuliko dubu.

---

baharia_tanga

Mimi swali langu ni moja tu, watu mmetoka kwenu mmevuka bahari mmefika Marekani mna gari mna heater, halafu Jumamosi ya mapumziko mnalipa hela mkapande mawe kwa mikono mkaangalie nyumba tupu. Haya.

---

GuideMstaafu_Moshi

@baharia_tanga hela hiyo hiyo ya watu kupanda mawe ndo imesomesha wanangu, iache ilivyo hahaha.

Nimesoma namba za mzee_kipara nikazilinganisha na kwetu maana mimi huo mlima sijauona lakini miinuko ni miinuko. Kilimanjaro, Marangu getini mpaka kambi ya Mandara ni kilomita kama 8 na unapanda mita kama 850. Hawa jamaa wanapanda mita 700 kwa kilomita 4 na kidogo, kwa hiyo ni kama mara moja na nusu kwa ukali. Kitu ambacho hakipo huko ni kimo, mita 1,600 hewa ni ya kawaida kabisa, hakuna kichwa kuuma, kwa hiyo mgeni anajiona ana pumzi anakimbia, anatumia miguu yote kwenye kupanda. Nakwambia kama mtu niliyeshusha wageni miaka mingi, kwenye mteremko wa namna hiyo ajali nyingi ni wakati wa kurudi. Magoti yamelegea, mtu ameshapiga picha yake kileleni, akili yake iko kwenye chakula, anakanyaga mzizi wenye unyevu anakwenda.

Kwa hiyo mkuu wa Mbagala: raba za kawaida zenye soli laini usivae. Siyo lazima buti la bei mbaya, tafuta kiatu chenye meno chini na kisigino kinachokaa, na ukikunja soli isikunjike kama chapati. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, watu wanacheka nikisema hivi halafu wakishuka wanatoa viatu wanalia. Fimbo mbili za kutembelea kwa mama na mtoto wakati wa kushuka, mkifika kwenye majabali zikunjeni ziingie begini, kule mnahitaji mikono mitupu. Na panda pole pole kiasi unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukishindwa kuongea basi mwendo ni mkubwa. Maji lita 2 kwa mtu mzima.

---

KijanaWaMbagala

Asanteni sana wakuu, nimejifunza vitu vingi kwa kweli. Nimeongea na mmoja wa wale wa kazini nikamuuliza theluji akaniambia "tutaona tukifika", hilo jibu limenikosesha raha kidogo. Swali lingine mnisamehe, ikitokea mtu ameumia kule juu inakuwaje? Maana nasikia helikopta Marekani ni bili ya kuuza figo. Simu zinashika?

---

mzee_kipara

Simu usiitegemee. Ukishapita Granite Falls na ukaingia ile barabara ya Mountain Loop mtandao unapotea, kule kileleni unaweza kushika kwa sababu unatazama mji lakini njiani ndani ya msitu hapana. Kama mna simu mpya zile za iPhone kuanzia 14 zina njia ya kuomba msaada kupitia setilaiti, jifunze kuitumia ukiwa nyumbani. Mwachie mtu karatasi mmeenda wapi na saa ngapi akiona kimya apige 911.

Kuhusu bili, hapa Washington kutafuta na kuokoa watu milimani ni kazi iliyo chini ya sherifu wa kaunti, na wanaopanda kukufuata wengi ni wa kujitolea, kaunti ya Snohomish wana kikosi chao na helikopta, hawakutozi kitu kwa kukutoa mlimani. Ikishafika ambulensi ya barabarani na hospitali hapo ndo bima yako inaanza kuulizwa. Nalisema hili kwa sababu nimeona ndugu zetu wanaogopa kupiga simu kwa ajili ya hela, mtu anajikokota kwa kifundo kilichovunjika mpaka giza linamkuta. Piga mapema.

Na hao wenzako wa "tutaona tukifika", sawa, lakini mkubaliane mapema nani ana neno la mwisho la kugeuza, maana kule kwenye mawe kama kuna theluji au ukungu njia yenyewe haionekani. Njia halali inazunguka bega la mlima ndo inarudi kileleni, lakini utaona nyayo za watu zinakwenda moja kwa moja juu kwenye mawe na wewe utazifuata, na aliyeziacha naye alikuwa amepotea. Kuna mahali pembeni panaishia kwenye magenge. Watu wanaokolewa Pilchuck mara kwa mara na wengi si wapanda milima wa hatari, ni watu kama wewe waliotoka mjini asubuhi na raba na chupa moja ya maji kwa sababu walisikia maili 5.

---

Kibwana77

Mimi nachangia upande wa kibanda maana hapo ndo ugonjwa wangu. Wengi wanakipigia picha tu hawajui kilikuwa kinafanya kazi gani.

Agosti 1910 moto uliunguza ekari kama milioni 3 ndani ya siku mbili, Idaho na Montana na kipande cha Washington, wakafa watu zaidi ya 80, wengi walikuwa wazima moto. Baada ya hapo Idara ya Misitu ya Marekani ikaamua moto uonekane ungali mdogo, wakaanza kuweka watu juu ya vilele. Hiki cha Pilchuck ni cha mwanzo mwanzo, mwaka 1921. Miaka ya thelathini vikajengwa vingi sana kwa nguvu kazi ya vijana waliokosa ajira wakati ule uchumi umeanguka. Ukiwa Pilchuck angalia kaskazini mashariki utaona mlima wenye ncha tatu, Three Fingers, kule ncha ilikuwa nyembamba mno wakailipua kwa baruti ili papatikane pa kujengea kibanda! Na bado kipo, unafika kwa ngazi zilizofungwa kwenye mwamba.

Sasa mle ndani katikati ya chumba palikuwa na meza ya chombo kinaitwa Osborne, jina la jamaa wa hiyo idara aliyekibuni. Ni ramani ya mviringo, kibanda chako kiko katikati kabisa ya ramani, na pembeni pete ya chuma imeandikwa digrii 360. Upande mmoja kuna kitundu cha kuchungulia, upande wa pili kuna unywele wa farasi umevutwa wima. Unaona moshi, unazungusha pete mpaka unywele ukate moshi katikati, unasoma digrii, unapiga simu. Mlinzi wa kibanda cha mlima mwingine naye anasoma yake. Ofisini wanachora mistari miwili, inapokutana ndo moto ulipo. Hakuna umeme hakuna kompyuta.

Radi ikianza mlinzi hakimbii, nje ndo hatari zaidi, na kibanda ndo kitu kirefu kuliko vyote. Alikuwa anapanda kwenye kistuli kidogo cha mbao chenye miguu iliyovalishwa vikombe vya kioo ili umeme usipite mwilini kwake, anakaa hapo juu ya stuli na bado anatakiwa kuandika kila radi imepiga wapi, kwa sababu moto unaweza kulala kwenye mti siku kadhaa ndo utoe moshi. Nyaya za shaba zinashuka toka paani mpaka kwenye mwamba. Wakati wa vita vya pili baadhi ya vibanda vilitumika kuchungulia ndege za Wajapani pia. Baadaye ndege, kamera na setilaiti zikachukua kazi, vingi vikabomolewa au kuchomwa na wenyewe serikali. Hiki kilisimama kwa sababu tawi la Everett la chama cha The Mountaineers walikikarabati na bado wanakitunza kwa kujitolea. Kwa hiyo mkuu ukila pale, maganda ya mayai urudi nayo, tafadhali.

---

GuideMstaafu_Moshi

@Kibwana77 umenikumbusha Oktoba 2020 moto wa Kilimanjaro, ulianzia Whona pale kati ya Mandara na Horombo. Huku mjini usiku tulikuwa tunaona mstari mwekundu mlimani. Wanafunzi, wanakijiji, wapagazi, askari, watu wa kila namna walipanda kuzima kwa matawi na majembe. Kujua moto uko wapi halikuwa tatizo, kila mtu Moshi alikuwa anauona kwa macho yake, tatizo lilikuwa maji na upepo, na miguu kufika kule. Kwa hiyo huyo wa kwenye kistuli alikuwa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni barabara na watu.

---

Kibwana77

Ni kweli kabisa mkuu, ndo maana kila kibanda kilikuwa na njia ya miguu na laini ya simu vinashuka bondeni. Nyingi ya njia kali tunazopanda leo zilichongwa kwa ajili hiyo, mlinzi na nyumbu wake wa mizigo, hawakuwa wanatufikiria sisi wa Jumamosi.

---

MamaWawili_Lynnwood

Kijana, kama ripoti zitasema bado kuna theluji usimnyime mtoto kibanda. Kuna Heybrook Lookout kwa barabara ya US 2 karibu na Index. Ni fupi, maili 2 na nusu hivi kwenda na kurudi, unapanda kama futi 850, ni kali lakini ni msitu tu, iko chini kwa hivyo theluji huisha mapema. Na huko sasa ni mnara wa ukweli wa miguu mirefu ya mbao, unapanda ngazi zinazunguka hadi kwa baraza unaona Mount Index na maporomoko ya Bridal Veil mbele yako. Chumba cha juu hukodishwa kwa watu wa kulala so kikiwa kimefungwa usigonge, baraza ya chini yake ndio ya wageni wote. Watoto wangu walipenda hio kuliko Pilchuck, sababu ya ngazi.

Na mambo ya parking: Pilchuck ni bustani ya jimbo lakini pale njia inapoanzia wanataka Northwest Forest Pass, kibali cha kuegesha, kuna cha siku na cha mwaka. Ile Discover Pass ya bustani za jimbo, ambayo ungedhani ndio yenyewe, haikusaidii pale. Nunua kabla, usitarajie kuuziwa juu. Barabara ya mwisho ya maili 7 kutoka Mountain Loop ina mashimo, gari ndogo inafika ukienda taratibu. Fikeni kabla ya saa moja asubuhi, baadaye mtaegesha mbali pembeni na mpande hio barabara kwanza kwa miguu na mtoto. Na usiache kitu ndani ya gari, hata koti kwa kiti, hata waya wa chaji. Vioo huvunjwa sana pale, wezi wanajua mwenye gari yuko juu kwa masaa matano.

---

baharia_tanga

Theluji, magenge, radi, nyigu na wezi. Nimeelewa. Mimi Jumamosi niko sebuleni.

---

KijanaWaMbagala

Hahaha baharia umeamua.

Wakuu nimekaa na mama watoto tukasoma yote pamoja. Ripoti za jana kwenye ile tovuti mtu kaweka picha, theluji inaanzia kabla ya mawe na kuna mmoja kaandika aligeuza hapo. Basi tumeamua Jumamosi hiyo sisi familia tunakwenda Heybrook, wale wa kazini nimewaambia mimi sipo na nikawatumia picha ya ripoti, wawili wamejitoa nao wanakuja na sisi. Pilchuck tunapanga wiki ya kwanza ya Agosti. Mtoto ameshaanza kuuliza kile kistuli cha miguu ya kioo kipo Heybrook au hakipo.

Viatu nitaangalia duka la mitumba kwanza. @GuideMstaafu_Moshi kucha nitakata mkuu.

---

Kibwana77

Kistuli asitegemee kukikuta.

Agosti mkiwa mnakwenda Pilchuck mniambie, natokea Kent, gari yangu inabeba watu saba na pass ya mwaka ninayo. Tuondoke saa kumi na moja alfajiri, anayechelewa namwacha.

---

MamaWawili_Lynnwood

Mimi ndani, nipitie hapa Lynnwood kwa maegesho ya basi. Chapati ziko juu yangu, mtu mwingine alete mayai, na @Kibwana77 amesikika kuhusu maganda.